Mizani ya Baba

Jumanne, Oktoba 1988

Mizani ya bucha bado iko vipande vipande kwenye kaunta. Niliifungua mimi asubuhi mbele ya wateja, kwa sababu Baba ameshatangazia Dagoretti nzima kwamba mwanawe ni injinia, na mimi ndio kwanza niko mwaka wa kwanza wa uhandisi chuo kikuu. Springi ikanishinda kurudisha.

Baba akaazima mizani kwa jirani, akawaambia wateja, "Hii yetu imezeeka. Hata injinia hafufui maiti."

Haijazeeka. Ilikuwa inakwama kidogo tu. Sikuweza kumtazama.

Fomu ya kubadilisha kozi ninayo tangu wiki jana. Nataka historia. Nimeijaza yote, imebaki sahihi ya mzazi.

Jioni nikaitoa mfukoni. Baba akaita kutoka mezani, "Injinia, njoo tule."

Nikaitika.