Adar ya Kwanza, Adar ya Pili

Shahrisabz, 5 Desemba 1999

Mwanangu Ilyau,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mimi ni mzima isipokuwa magoti, na hayo unayajua. Natumaini wewe, Sveta na wajukuu zangu hamjambo. Baada ya salamu, nina hasira nawe, na naomba uisome barua hii ukiwa umekaa.

Februari iliyopita, siku ya kumbukumbu ya baba yako, nilipika pilau ya giligilani na maini, nikapanga sahani kumi. Wakaja wanaume tisa. Ndio Wayahudi waliobaki mji huu, Ilyau, tisa, na wawili kati yao huletwa wameshikwa mikono. Walikaa wakiutazama mlango tangu alasiri mpaka jua likatua. Bila wa kumi sala ya marehemu haisomwi. Mzee Yakub akafunga kitabu, wakala, wakashukuru, wakaenda. Mimi nikabaki naosha vyombo huku nalia kwa hasira, maana uliniahidi kwa kinywa chako kwamba utakuja.

Baba yako alikuwa akimwacha mteja dukani na kiatu mguu mmoja, akimbilie sinagogi kwa sababu tu wako tisa. Miaka arobaini amekuwa wa kumi kwa wafu wa watu wengine. Yeye mwenyewe amekosa wa kumi, na mtoto wa kiume anaye.

Usiniambie habari za simu. Pale posta unalipa ili usikie sauti yako mwenyewe ukipiga kelele. Njoo. Siku ni ileile, tarehe tisa ya mwezi wetu wa Adar.

Mama yako,
Bulor


Queens, 9 Januari 2000

Mama mpendwa,

Pokea salamu zetu sote. Sisi wazima, watoto wana mafua kidogo. Magoti yako yanaendeleaje kwenye baridi hii? Usipasue kuni mwenyewe, mwombe mume wa Oydin.

Una haki ya kukasirika. Mwaka jana nilikuwa sina karatasi za kunirudisha huku nikitoka, lakini najua hilo halikusaidii. Sasa ninazo, na tiketi nimeshakata. Nitafika tarehe 12 Februari na kuondoka tarehe 22. Tajiri wangu pale kinyozini amenipa siku kumi tu, na hata hizo amezitoa amenuna. Tarehe nilimuuliza baba mkwe, Nison, naye akamuuliza rabi wake: tisa Adar inaangukia Jumanne, 15 Februari. Baba mkwe anakusalimu. Usikunje uso, mama.

Safari hii watakuwa kumi.

Mwanao,
Ilyau


Queens, 27 Februari 2000

Mama,

Nilifika salama. Sveta na watoto wazima. Nawe natumaini u mzima, maana nilikuacha umenipa mgongo.

Siku tano nimejizuia nisiandike. Nilizunguka mji mzima kwa miguu kwenye theluji kuwakusanya wale wazee. Mzee Mushe nilimbeba mgongoni kumshusha ngazi za kwake. Uliporudi sokoni ukawakuta tisa wamekaa, mimi wa kumi, mzee Yakub kitabu kiko wazi mbele yake. Ukamnyang'anya kitabu mkononi, mama. Mtu wa miaka themanini na sita. Ukawaambia, "Mume wangu Hizkiyo hajafa bado. Rudini mwezi ujao."

Wakaondoka na njaa. Mzee Yakub alikwambia, nilimsikia, kwamba tarehe zote mbili, ya Adar hii na ya Adar ijayo, zina wenyewe, na kwamba Mungu hatawagombeza wazee waliokwisha kukusanyika. Wewe ukamuuliza tangu lini amekuwa mwanafunzi wa Nison. Halafu siku saba nzima ukanilisha bila neno, unaniwekea sahani na kuondoka, kana kwamba mimi ni mpangaji. Asubuhi ya safari ndipo ulipofungua kinywa, ukasema, "Kaa." Basi. Ningekaa vipi? Tajiri wangu ana viti vinne, na vijana wanaovitaka wamejaa mlangoni.

Nilikuja. Nililala viwanja vitatu vya ndege ili nije. Baba amekosa sala yake tena, na safari hii si kwa ajili yangu.

Mwanao,
Ilyau


Shahrisabz, 13 Machi 2000

Mwanangu Ilyau,

Mimi ni mzima. Oydin jirani hajambo, anakusalimu. Mushe ana kikohozi. Wasalimu watoto.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara imenizidishia hasira. Mwaka huu Adar inakuja mara mbili, mwezi mzima baada ya mwezi mzima. Hilo unalijua tangu ukiwa na miaka sita, baba yako alikufundisha kwa vidole. Watu wa rabi wa Nison, waliotoka Ulaya, huwakumbuka wafu wao Adar ya kwanza. Na wawakumbuke, nani kawazuia. Sisi ni ya pili. Mama yangu alifanya hivyo, na mama yake, na baba yako alipomkumbuka baba yake alifanya hivyo. Wewe umekaa Queens miaka sita, umeshasahau wewe ni mtoto wa nani.

Nimekuwa mkunga miaka thelathini na nne. Nimeandika kwa mkono wangu siku za kuzaliwa za nusu ya mji huu, na mpaka leo wanawake wananisimamisha sokoni kuniuliza walizaa lini. Mtu ana siku yake, haisogezwi kwa sababu kinyozi fulani amenuna. Na Nison, aliyesimama kwenye harusi yako akasema mbele ya wageni kwamba mchele wangu umegandana, ndiye leo anayenipangia siku ya kumlilia mume wangu.

Alhamisi hii nitapika. Nitapanga sahani kumi. Mlango nitauacha wazi.

Mama yako,
Bulor


Shahrisabz, 19 Machi 2000

Ilyau,

Mimi mzima.

Mushe alikufa Jumatano asubuhi, kikohozi kilekile. Tukamzika mchana. Makaburini walikuwa wanane, kwa hiyo naye amekwenda bila sala yake.

Alhamisi wakaja haohao wanane, wamechoka na maziko, viatu vina udongo. Nikawapakulia. Sahani mbili zikabaki mezani. Nikawa nasikiliza kila gari linalopita. Mzee Yakub akaniuliza kama nangoja mtu, nikamwambia hapana, nani nimngoje. Akanitazama, akaendelea kula.

Usiniandikie kwamba ulinionya.

Mama yako


Shahrisabz, 30 Julai 2000

Mwanangu Ilyau,

Salamu. Natumaini hujambo, ingawa hilo nimelisikia kwa Sveta, kwa kuwa wewe miezi minne hujaniandikia mstari. Mshukuru sana. Huku ni joto. Nimeanika aprikoti darini, magoti yakanishika, nikakaa huko juu mpaka Oydin akaja kunishusha. Kila asubuhi anapita kutazama kama nimekufa. Namwambia bado, tunakunywa chai.

Sasa nisikilize, maana sitaandika mara ya pili. Tarehe yangu ndiyo iliyokuwa sahihi. Kwa hilo sikuombi msamaha, wala kwa Nison siombi.

Lakini siku ile niliporudi sokoni nikawaona kumi mezani, kitu cha kwanza nilichowaza hakikuwa Adar. Niliwaza, wakisoma leo, Ilyau hana tena la kumweka hapa. Nikadhani nikikataa utabaki mpaka ya pili. Mwezi mmoja tu, Ilyau. Nilitaka mwezi mmoja nisikie mtu anakohoa chumba cha pili, niulizwe chumvi iko wapi. Walikuwa kumi kamili, Mushe akiwa hai, nami nikawafukuza. Baba yako nimemnyima mimi. Tangu siku hiyo nimemkasirikia tajiri wako, na wewe, na Nison, na Mushe kwa kufa kwake, na mwenye kosa nilikuwa nikimwona kila asubuhi kwenye kioo. Nina aibu, na hasira bado ninayo. Sijui itatoka lini.

Mwakani Adar ni moja. Tarehe nne Machi, Jumapili, na hakuna rabi popote atakayebisha. Nimewahesabu. Wamebaki wanane. Yakub hana nguvu, ila nimemwamrisha asithubutu kufa kabla, naye ameitika. Wewe utakuwa wa tisa. Wa kumi nimemtafuta mpaka Samarkand, nikaandikiwa kwamba wenyewe hawatoshi.

Mlete Nison.

Mama yako,
Bulor