Kidole Changu Mbele ya Watu Wanaokula

Jumapili

Na ile harufu! Soksi ilikuwa imegandana na kidole gumba cha mguu, na nilipoivuta ukatoka usaha. Ukucha umejichimbia nyamani. Yaani mwili wangu mwenyewe unanitia kinyaa.

Mama aliponiona nachechemea, akampigia kwa video Bibi aliye Mombasa, mbali na sisi huku ughaibuni, na kuielekeza simu kwenye mguu wangu. Kule wote walikuwa kwenye biriani. Binamu yangu Salim akapaza sauti, "Salale! Kidole hicho au embe bovu? Watu twala!"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Bibi akamnyamazisha. "Zuhura, viatu vyakubana?"

"Havinibani, Bibi."

Uongo. Nina miguu mikubwa kuliko wasichana wote darasani, basi naivalisha viatu vidogo.

Ila kinachonitisha hasa sikukisema mbele yao. Babu alikatwa mguu kwa ajili ya sukari, na kwake pia kulianza kidole. Simu ilipokatwa nikamuuliza Mama, kwa Kiingereza, kama nami ninayo. Kwa Kiswahili ningelia.

"Sijui, mwanangu. Nadhani ni viatu tu. Kesho twende kliniki wakupime."

Angeweza kunidanganya kwamba sina, lakini hakufanya hivyo.

Kisha akaleta maji ya vuguvugu yenye chumvi. Kazini kwake hapa mjini Roseville, anakoogesha wazee, hagusi mguu wa mtu bila glavu. Kidole changu alikiosha kwa mikono mitupu, polepole, huku mimi mwenyewe nimegeuzia uso ukutani.