Papa, Marungu Bado Kuna Baridi

Mpendwa Papa,

Deo anataka kupeleka wageni kwenye mlima wako. Ndiyo, Deo huyohuyo, kitinda mimba wako uliyemwacha akiwa bado ananyonya. Sasa ana ndevu na simu kubwa, na anasema watu wa Lubumbashi na hata wazungu watapanda boti waje mpaka Moba, kisha wapande Marungu kuona maporomoko, mbega, tohe, maua na ndege. Aliniomba nimsimulie yote, maana mimi ndiye uliyenipeleka huko. Nikamsimulia mpaka sauti ikakauka. Nilipomaliza akasema, "Dada, hadisi haipigwake picha. Twende." Basi kiangazi hiki tulikwenda. Nakuandikia niliyoyaona, na wengine wakiyasoma wayasome, kwa kuwa mlima ule haukuwa wako peke yako, ingawa wewe ulijifanya ni wako.

Ulibeba mizigo bandarini Kalemie mpaka mgongo ukapinda, lakini hukuwahi kuwa mtu wa Kalemie. Ulizaliwa juu, karibu na Pepa, ukakulia nyuma ya ng'ombe. Joto la ziwani hukulizoea hata siku moja. Kila kiangazi ulitafuta sababu ya kupanda: mara kumwona shangazi, mara kununua maharagwe, mara nyingine sababu yenyewe ulisahau kuitaja. Mama alikuwa anacheka akikufungia nguo. "Papa yenu anaendaka kupumua tu," alisema, na wewe hukubisha.

Nakumbuka ulivyonivalisha koti lako nyuma ya lori, nami nikapotea humo ndani. Asubuhi nyasi za Marungu zilikuwa zimelowa umande, na tukapita humo tukiwa tumelowa mpaka magotini. Ulinifundisha kuona. "Usitafute nyama," ulininong'oneza. "Tafuta sikio." Nikatafuta sikio, na hapo tohe, yule swala wa nyasini, akainuka karibu nasi, akatutazama kama mwenye nyumba, akaenda zake. Kwenye msitu mwembamba wa kandokando ya kijito tuliwakuta mbega, mikia yao mirefu ikining'inia kwenye matawi. Ulikaa chini kuwatazama ukasahau hata kula. Sijawahi kukuona umetulia hivyo mjini.

Halafu tukafika kwenye jiwe lile kubwa, pale msitu unapofungana kabla ya korongo la maporomoko. Ukachuchumaa mbele yangu, ukanishika mabega.

"Kuanzia hapa hatuitanake majina," ulisema. "Mulima ukisikia jina ya muntu, unaibakisha. Mwenyewe anashuka, lakini roho yake inabakia huku."

Ndiyo maana wachunga ng'ombe wa kwenu waliitana kwa mluzi wakiwa korongoni, na ndiyo maana kila mtoto wako, akishajua kutembea, ulimtungia wake. Wangu ni ule mrefu, unaopanda mwishoni. Mjini ningethubutu kuupiga ungenifinya, eti mutoto mwanamuke hapigake mluzi. Huko juu ulinifundisha mwenyewe, ukanirekebisha midomo kwa vidole vyako vya tumbaku. Nikaupiga, nawe ukanijibu kutoka ng'ambo ya maji. Siku hiyo nilijua kwamba napendwa, Papa. Hukuwahi kuniambia kwa mdomo, na sikuhitaji.

Kisha ikaja masika ile. Ulipoona hutainuka tena kitandani, ulituita. "Mukinizika, munizike kule juu, mahali nitasikia maji." Tukaitikia wote. Lakini mvua ilikuwa imekata barabara juu ya Moba, na huko uwandani bunduki zilikuwa zinalia; hakuna dereva aliyekubali kupanda. Wazee walikaa chini ya turubai, wakazungumza kwa sauti ya chini, na mmoja akatoka kutuambia: "Maiti haingojake barabara." Tukakuzika Kalemie, kwenye mchanga wa moto, wewe uliyelichukia joto hilo maisha yako yote. Jambo hilo limenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Nimelea watoto nalo, nimezeeka nalo.

Kwa hiyo Deo aliposema twende, yeye alikuwa anawaza picha. Mimi nilikuwa nakuwaza wewe.

Kutoka Moba tulipanda kwa pikipiki. Cha kwanza kunipokea kilikuwa baridi, na ilikuwa ileile. Niliifurahia mpaka Deo akanicheka. Lakini furaha yangu iliishia hapo. Nyasi zilikuwa zimechomwa, milima imekaa myeusi mpaka jicho linapochoka. Magunia ya makaa yamepangwa kando ya njia. Mashamba yameshuka mpaka kwenye midomo ya vijito, na siwezi kuwalaumu wenyewe, maana tumbo halina likizo. Msitu wa mbega umebaki visiki. Tulingoja asubuhi nzima, Deo na simu yake mkononi, hata mkia hatukuuona. Ikabidi nimuulize mama mmoja aliyekuwa akilima maharagwe hapo jirani.

"Mbega?" Akasimamisha jembe. "Walikimbiaka vita, sawa siye. Siye tukarudi. Wao hapana."

Akaendelea kulima.

Deo akaketi juu ya kisiki. "Dada, njo hapa? Ndiyo hapa uliniambiaka? Sasa wageni watakuja kuangalia nini?"

Nikamwonyesha yale maua magumu yenye vichwa kama brashi, ambayo moto hauyaui, na kindege kinachong'aa kikinyonya humo. Akayapiga picha kwa adabu, kama mtu anayekula ukweni akiwa ameshiba. Nilimwonea huruma. Nilijiona kama nilimdanganya tangu utotoni mwake, ilhali sikumdanganya, niliyaona yote kwa macho yangu haya.

Habari ya majina tu ndiyo sikuwa nimemsimulia; nilikusudia kumweleza tukifika kwenye jiwe, kama ulivyofanya kwangu. Lakini msitu uliofunga njia haupo, na jiwe sikulitambua likiwa uchi juani. Kumbe tulikwishaingia korongoni. Deo alikuwa mbele. Alipofika ukingoni akayaona maji, membamba kuliko ya zamani lakini bado yanaanguka, bado yanapiga kelele, akainua mikono na kufanya kile ambacho kijana yeyote angefanya.

"Deeeo!"

Miamba ikamrudishia. Akacheka, akaita tena jina lake.

Nilikimbia, Papa, na magoti yangu haya. Nikamziba mdomo kwa kiganja ingawa amenizidi kimo. Nikamweleza kila kitu nikihema: mlima, majina, mluzi, ulichokitaka na tulivyoshindwa. Nilidhani ataogopa, au atanicheka. Hakufanya lolote kati ya hayo. Aliyageukia maji.

"Basi vizuri," akasema. "Papa alienda hajaniitaka hata mara moja. Kama mulima kweli unabakisha majina, yangu ibakie. Siku moja atayisikia."

Nikakaa chini nikalia. Sikujificha. Nililia kwa ajili yako na kwa ajili ya mbega, nikalia kwa ajili ya mtoto mwenye ndevu ambaye baba yake hakumtungia mluzi. Deo akaketi kando yangu, akanishika mkono.

Nilipoweza kusimama, nilianza na mluzi wangu, ule mrefu. Ulitoka umepasuka, maana meno yamepungua. Nikasubiri. Palikuwa na maji tu. Basi nikaita jina lako. Wewe uliyenikataza, nililiita lote, la ukoo na la ubatizo, kwa nguvu ambazo sikujua bado ninazo, na miamba ikalichukua. Mwili wako tulishindwa kuupandisha. Jina nililipandisha.

Sasa nimerudi Kalemie. Jana nilipita makaburini, nikang'oa majani, jua likaniunguza mgongo. Sijui kama ninayaamini uliyoniambia pale kwenye jiwe. Siku nyingine naamini, siku nyingine naona nilikwenda kupigia kelele miamba katika nchi iliyokwisha. Deo hazungumzii tena wageni. Nimemkuta mara mbili uani, anakaza midomo na kupuliza, hewa tu inatoka, na akiniona anajifanya anapoza chai.

Lakini kama ni kweli, Papa, kama mlima umekushika na sasa umo humo kwenye baridi yako unasikiliza maji, basi utamkuta Deo hapo karibu nawe. Alitangulia kukupigia hodi bila kujua. Mimi mluzi wangu ninao, usihangaike na mimi. Mtungie yeye wake.

Ni mimi binti yako mkubwa,
yule wa koti.