Mizizi Inayotoa Damu

Alhamisi. Ukungu haujaondoka Wamaza tangu asubuhi, na sasa ni alasiri. Sioni hata choo chetu. Nimekaa mlangoni na mfuko wangu, namsubiri motari, dereva wa pikipiki, anipeleke hospitalini Kabambare. Naandika ili muda upite.

Wananiita mulozi. Basi, nimeliandika. Mchawi! Mimi ninayeogopa hata bundi.

Ni habari ya udongo. Mama yangu alipofariki kule Nyangwe, ndugu zangu walichukua sufuria na vitenge. Mimi nilichimba udongo kwenye shamba lake la soja, nikaufunga katika kitambaa chake cha kichwa. Ndivyo alivyofanya mwenyewe kila alipofungua shamba jipya: anachanganya mbegu na udongo wa shamba la zamani, kimya, bila kusalimia mtu. Agronomi mmoja, mtaalamu wa kilimo aliyepita hapa, alinieleza kwamba ndani ya udongo ule kuna bakteria. Wanaingia kwenye mizizi ya soja, wanajijengea vinundu, wanashika azoti, yaani naitrojeni, iliyo hewani, ambayo mmea hauwezi kuishika wenyewe, na kuigeuza chakula chake. Mmea nao unawalisha sukari. Shamba letu halijawahi kuona soja, kwa hiyo hao bakteria wake hawakuwepo. Lazima waletwe.

Nikawaleta. Alfajiri, peke yangu, midomo imefungwa. Wifi yangu akapita akienda mtoni, akanisalimia, sikuitika. Mjinga mimi!

Udongo uliisha kabla ya shamba kuisha. Soja ilipoota, palipopata udongo wa mama pakawa kijani kilichokolea, palipokosa pakawa njano, na katikati mstari ulionyooka kabisa. Nilijua sababu, na bado sikupenda kusimama pale peke yangu.

Siku zilezile Zaina, mtoto mchanga wa wifi, akaanza kupauka. Homa inakuja, inaondoka. Viganja vikawa vyeupe. Nikasema apelekwe hospitali. Hawakumpeleka. Mtu akishaamini kwamba mtoto wake analiwa na mchawi, hospitali ya nini?

Leo asubuhi wakaja shambani, mama mukwe mbele, wifi nyuma na Zaina mgongoni. Nilisikia miguu kabla ya kuona nyuso. Wifi akang'oa soja moja, akaona vinundu vimejaa kwenye mizizi, akapasua kimoja kwa ukucha.

Ndani palikuwa pekundu.

"Damu! Mama, iko damu ya mutoto wangu!"

Nitasema kweli: niliogopa. Agronomi hakuniambia habari ya wekundu, na sikuwahi kupasua kinundu maishani. Nikajaribu kueleza, bakteria, bakteria, neno lenyewe likatoka kama jina la jini. Nikawaza: mama, ni nini hiki ulichokuwa unatulisha?

Mama mukwe akaniambia nifunge vyangu, nirudi Nyangwe leo leo. Alisema taratibu, bila hasira, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Sijui akili niliipata wapi. Nikavuka mpaka, nikaingia kwenye karanga zake mwenyewe, shamba analolima tangu alipoolewa, nikang'oa. Vinundu. Nikapasua. Wekundu. Nikang'oa nyingine, na nyingine, hasira imenipanda, namrundikia miguuni. Zote wekundu uleule.



Mama mukwe akachuchumaa, akapasua kinundu cha karanga yake mwenyewe, akatazama kidole chake. Halafu akatazama mashamba ya majirani, yale tuliyoweza kuyaona na yale yaliyomezwa na ukungu.

"Basi iko chini yetu wote," akasema. "Na tunakula tangu zamani."

Ningemwambia asiogope, ila na mimi nilikuwa naogopa. Akashika viganja vya Zaina, akavitazama kwa muda mrefu, kisha akamwambia binti yake: "Tafuta motari, tumupeleke hospitali." Wakaondoka.

Nilimwandikia agronomi kwa simu. Amejibu kwamba wekundu ni dalili nzuri, bakteria wanafanya kazi sawasawa. Afadhali angenyamaza.

Sasa hivi wifi amepiga simu. Malaria imemaliza damu ya mtoto. Damu ya wifi mwenyewe na ya mama mukwe zimepimwa, hazimfai. Anakumbuka kwamba nilipokuwa na mimba niliambiwa damu yangu inaweza kumfaa karibu mtu yeyote. Hakuniomba radhi. Nikasikia Zaina anavyohema, halafu mama yake akasema: "Wifi, njoo na damu yako."

Naenda. Nitampa yote watakayotaka, na hasira yangu nitaimalizia njiani.

Nasikia pikipiki ndani ya ukungu. Nimenawa kwa sabuni tena na tena, na bado kuna wekundu chini ya kucha. Nitakunja ngumi mpaka sindano iingie, wifi asiuone.