Biblia ya Mama Usiitafute

Baba,

Chai iko kwenye chupa. Chakula ni cha kupasha tu, na jiko uzime, nakujua.

Biblia ya Mama usiitafute, nimeichukua mimi. Asubuhi hii kapiga simu kutoka wodi ya waliotengwa. Siku ya kumi na moja hajaona uso wa mtu, ila macho ya muuguzi juu ya barakoa. Vidonge hataki tena. "Niletee Biblia yangu," akasema. "Nimeanza kusahau sauti ya Mungu."

Najua ulikataa isipelekwe, maana kinachoingia wodini huchomwa, na ndani ya Biblia hiyo mmeandika majina yetu na siku tulizozaliwa. ~~Nitamnunulia mpya.~~ Hapana. Mpya haina mistari aliyoipigia kalamu mwaka ule ulipofukuzwa kazi.

Ukurasa wa majina nimeukata kwa wembe, uko chini ya kikaratasi hiki. Ugeuze. Nyuma Mama ameandika kwa penseli: "Bwana, mrudishe binti yangu mkaidi."

Miaka miwili sijakanyaga kanisani, na leo naogopa, Baba. Nikishaikabidhi kwa muuguzi, nitapiga magoti nje ya dirisha la Mama mpaka anione, ameze dawa. Simu yako usiiweke mbali.

Binti yenu mkaidi