Kurasa Kumi na Mbili Zilizobaki

Nyumba ya Kona,
Chumba cha Nyuma.
Jumapili, 30 Juni.

Mpendwa Kaka,

Salamu nyingi kutoka kitandani. Hujambo? Mgongo umepoa, au bado unabeba mizigo kama punda asiye na mwenyewe? Sisi tunaendelea vizuri. Mfupa wangu wa mguu umeanza kuunga, na plasta itakatwa Alhamisi.

Najua mkeo alikwisha kukueleza nilivyoanguka ngazini nikipaka rangi dari ya zahanati. Ambacho hakukueleza, maana si tabia yake, ni jinsi nilivyompokea alipokuja kuniuguza. Siku ya kwanza aliniletea kitabu. Nikamwambia macho yananiuma. Akakiweka kando ya dawa, akaenda zake kuosha vyombo.

Unajua nilivyomwona siku zote: karani wa shule mwenye maringo, anayejificha nyuma ya vitabu kazi ikizidi. Lakini mwezi mzima wa kulala chali si mchezo. Siku ya tatu, nilipokwisha kuhesabu misumari yote ya dari, nikakifungua.

Kaka, nimesoma vitabu saba. Mimi, ambaye tangu niache shule nilikuwa nasoma maandishi ya kopo la rangi tu. Kimoja ni cha mfuga nyuki anayesimulia mizinga yake kwa mzaha, nikacheka hadi mguu ukauma. Katika kingine mwashi anajenga ukuta kwa kurasa nne nzima, na hakuna tofali lililokaa upande. Aliyekiandika anaijua kazi.

Lakini kilichonishika hasa ni riwaya nene ya mjane anayekataa kuuza nyumba yake. Karibu na mwisho nilikuta barua imekunjwa kama alama. Ilitoka chuo cha ukutubi, wanakofundisha kazi ya maktaba, ikimwita mkeo aanze masomo. Nikatazama tarehe. Ni mwezi ule ule Mama aliposhikwa na kiharusi.

Alipoleta chai nikamuuliza kwa nini hakwenda. Akaketi ukingoni mwa kitanda, akaikunja barua taratibu. Alisema Mama hakuweza tena kushika kitabu, basi akawa anamsomea riwaya hiyo kila alasiri.

"Alitaka kujua mwisho, wifi. Ningemwacha katikati?"

Alasiri zile, Kaka, nilikuwa napita mlangoni na ndoo yangu ya rangi, namwona amekaa na kitabu, nasonya. Nilidhani anastarehe. Mama alituaga zikiwa zimebaki kurasa kumi na mbili, na mkeo hakuwahi kuzifungua tena.

Nilimwomba radhi. Kisha nikamwambia akae pale pale, nikamsomea zile kurasa kwa sauti, nikijikwaa kwenye maneno marefu. Alisikiliza amefumba macho. Nilipofunga kitabu alisema Mama angefurahi, akalia, nami nikalia, chai ikapoa. Mjane aliishia wapi sikuambii, kisome mwenyewe.

Juzi tumejaza fomu mpya ya chuo. Alijitetea kwamba umri umekwenda. Nikamwambia vitabu havina meno, havimli mtu mzima. Alichoogopa kweli ni wewe, kwamba utasema ameitupa nyumba. Fomu ipo mezani, imejazwa, haijatumwa.

Ndiyo maana nimekuandikia. Mwandikie mwenyewe, mapema, umwambie aende. Alimuuguza mama yetu sisi tukiwa kazini, akanyamaza, tukamwita mvivu. Mtu kama huyo asikose chuo mara ya pili kwa ajili yetu. Upishi wa nyumbani niachie mimi. Ukirudi likizo, wewe ujikaze tu kula.

Nisalimie baba mdogo na mkewe hapo kwako. Shangazi na jirani yetu fundi viatu wanakukumbuka kwa wema. Mungu atangulie mbele ya kila hatua yako, na akurudishe kwetu salama.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye pasipo kipimo,

Chiriku