Kanga Iliyobana Pumzi

Mirongo, Mwanza
Jumanne

Mpendwa Mama,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje tangu mvua zianze? Huku mwili wangu ni mzima, sauti ndiyo inayougua. Kwa hiyo Jumapili usiende parokiani kungoja simu yangu. Daktari amenikataza kuongea mwezi mzima, hata kunong'ona.

Katika barua yako uliniuliza kazi ya kupiga kelele jukwaani ni kazi gani. Mama, swali hilo liliniudhi. Hatupigi kelele. Wakati kiwanda cha nguo kilipokuwa na kikundi chake cha maigizo, mwalimu wetu alikuwa akitulaza chali kila asubuhi, tofali juu ya tumbo, tuvute pumzi mpaka lipande. Pumzi ikishuka mpaka tumboni, sauti hutoka yenyewe wala koo haliumii, na aliyesimama mwisho kabisa wa soko anakusikia.

Sasa kiwanda kimeuzwa. Kikundi amebaki nacho msimamizi wetu, Bwana Lukas, na anayetuajiri ni mfanyabiashara mmoja wa sabuni, tumtangazie bidhaa yake. Huyo anataka wasichana wenye viuno vyembamba. Basi Lukas akaamuru tufungwe kanga tumboni, juu ya gauni, ibane kweli kweli. Nikamweleza kwamba tumbo likibanwa pumzi haina pa kwenda.

"Wewe unataka kupumua au unataka kazi?" akanijibu.

Tulipoigiza Misungwi nilikuwa mama anayemwita mwanawe aliye ng'ambo ya mto. Pumzi ikaniishia katikati ya jina. Watu wakacheka. Lukas yuko nyuma ya pazia ananiambia, "Paza, paza." Nikasukuma kwa koo, nikasikia kitu kinachanika humo ndani. Tangu siku hiyo nakwaruza kama sufuria inayosuguliwa kwa mchanga, na Lukas hajaja hata kuniambia pole. Mtu gani huyo?

Nafasi yangu kampa Grace, binti niliyemleta mwenyewe kikundini. Na kanga ni ile ile. Jana nilimwandikia kwenye karatasi: usikubali kufungwa, itakuharibu kama mimi. Akasoma, akaikunja.

"Dada, wadogo zangu wanakula kwa kazi hii. Nivutie hapo nyuma, mkono haufiki."

Nikamvutia, Mama. Nilishinda siku nzima namlaani Lukas, na fundo nimelifunga mimi.

Ijumaa wanaigiza Magu. Nitakwenda. Nitapanda jukwaani mbele ya huyo mwenye sabuni na wateja wake wote, niifungue ile kanga. Grace atanichukia. Na anichukie.

Nisalimie kaka huko kwenye kahawa yake, shangazi anayekuangalia goti, na shemeji mwalimu. Jumamosi meli ikifika Bukoba, mtume mtu bandarini anipokee, maana nitakuwa nimeshafukuzwa. Mwambie asiniulize kitu njiani.

Ni mimi binti yako mwenye hasira,
Adventina